Mbunge Aliyefungwa Mnyororo Mguuni

Kwa miaka kadhaa ya ujana wangu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yote niliyokuwa nayo, kwamba wabunge wa Uswidi hufungwa mnyororo mguuni, wawili wawili, chini ya madawati yao.

Aliyenipa habari hiyo ni Shabani, mtu wa Tanga, tuliyekuja naye Stockholm kujifunza ufundi wa simu. Jioni Shabani alikuwa akifanya usafi bungeni, kwa hiyo kwetu sisi wageni neno lake kuhusu siasa lilikuwa zito kuliko redio.

"Wanaketishwa kwa mikoa, si kwa vyama," alinieleza. "Mtu na adui yake bega kwa bega, miaka nenda miaka rudi. Sasa wewe fikiri. Bila mnyororo watakaa?"

"Mnyororo wa chuma?"

"Wa chuma, ndugu yangu! Mmoja akitoka kwenda msalani, mwenzake naye huyo. Yule mzee mbunge unayepanga naye Spånga na jirani yake wa dawati, yule Mwalimu Mkuu, nimekwambia sijawahi kumwona mmoja bila mwingine. Mwangalie mzee wako mguu, utaniambia."

Nikamwangalia mguu. Alikuwa akichechemea! Na Jumamosi moja, alipokuwa ameloweka miguu kwenye beseni jikoni, niliona kwa macho yangu mawili alama nyekundu imezunguka kifundo cha mguu wa kulia kama pete. Leo ninajua kwamba soksi za sufu zenye mpira mkali huacha alama ya namna hiyo kwa mtu yeyote. Siku ile nilimhurumia mpaka chakula kikanishinda. Nikaenda nikaandika habari za mnyororo katika insha yangu ya uraia kwenye shule ya jioni, ukurasa mzima, na mwalimu alipochora alama ya kuuliza kubwa kama ndoano ya nanga, nikasikitika kwamba Uswidi inaajiri walimu wasioijua nchi yao.

Mzee wangu wa Spånga alikuwa mbunge wa wilaya moja ya mbali sana kaskazini, misitu juu ya misitu, ambako, kwa hesabu yangu, kila mtu ana miti elfu kumi na jirani mmoja. Bunge likikutana alipanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao karibu na stesheni ya Spånga, pembeni ya Stockholm. Mimi nilipanga chumba cha chini, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane mwenye mgongo ulionyooka kama mlingoti, naye alizaliwa kulekule anakotoka Mbunge, katika kijiji cha mwisho cha reli ndogo nitakayoieleza. Sisi wapangaji wawili tulimwita Mama Mwenye Nyumba. Yule mzee tulimwita Mbunge, naye aliitika kama kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kila aliporudi kutoka kwao alishuka kwenye treni na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na nguo, nalo lilikuwa dogo. La pili lilikuwa na viazi. Alisema viazi vya Stockholm vina ladha ya karatasi. Alivipika mwenyewe, akavila na samaki wa chumvi na mkate mkavu unaovunjika kwa kishindo, na akiutafuna ule mkate, nilimsikia kule chini kando ya tanuri kama mtu anayepasua kuni. Pombe hakuigusa maisha yake yote, na alikuwa tayari kumhutubia yeyote anayeigusa. Lakini ugoro! Aliubana chini ya mdomo wa juu tangu asubuhi mpaka anapolala, na ukimwuliza tofauti iko wapi, anasema ugoro haujawahi kumfanya mtu apige kura vibaya.

Simu ya nyumba ilikuwa ukumbini. Mbunge aliamini kwamba kwa kuwa kwao ni mbali, lazima sauti nayo iongezwe. Mimi niliyekuwa nikijifunza simu nilimweleza kwa ustadi, kwa michoro, kwamba waya unafanya kazi hiyo yote. Akanisikiliza, akanishukuru, kisha akashika mkono wa simu na kunguruma hivi kwamba theluji ikaporomoka kutoka juu ya paa. Naapa. Ikamwangukia mleta magazeti.

Na mtu huyuhuyu, aliyeteremsha magogo mtoni tangu ujanani, akisimama juu ya gogo linalozunguka katikati ya maji ya barafu, aliogopa ngazi za umeme. Tulipokwenda mjini pamoja, mimi nilipanda ngazi zinazojiendesha nikisimama kama sultani, yeye akapanda zile za kawaida kwa mguu wake mbovu, akihema. "Gogo ninaliona linakoelekea," alisema. "Hili dubwana linameza meno yake lenyewe."

Nilimfundisha shikamoo. Nilimweleza vizuri kabisa kwamba mdogo humwamkia mkubwa, na mkubwa huitikia marahaba. Alipenda sana neno hilo, ila utaratibu wake aliukataa. Kila asubuhi aliniwahi: "Shikamoo!" Mzee wa umri wa babu yangu! Nilijikunja kwa aibu. "Mbunge, mimi ndiye wa kukuamkia wewe." Akajibu, "Wewe unanipigia kura?" Nikasema siruhusiwi. "Basi huna la kuniogopa. Shikamoo." Ikawa lazima niseme marahaba, huku nikimwomba babu yangu msamaha kimoyomoyo.

Jambo la kuamkiana lilikuwa kubwa katika nyumba ile, na inafaa nilieleze. Nilipofika Uswidi mwishoni mwa miaka ya sitini, watu wenye heshima zao walikuwa hawaambiani "wewe". Walitajana kwa cheo kana kwamba anayetajwa yuko chumba cha pili. Mama Mwenye Nyumba alisimama mbele ya Mbunge na birika mkononi, akasema, "Je, Mbunge atapenda kahawa zaidi?" Naye akamjibu, "Mbunge atapenda, kama Bibi hatasumbuka." Mara ya kwanza niligeuka nyuma kumtafuta huyo Mbunge mwingine. Baadaye nchi nzima ikaamua, kama kwa filimbi ya refa, kwamba sasa ni "wewe" kwa kila mtu, tangu daktari mpaka mfagiaji. Mama Mwenye Nyumba alichelewa. Alihangaika muda mrefu akizungukazunguka maneno, "Kahawa ipo," "Kiti kiko wazi." Ndipo asubuhi moja akavuta pumzi na kusema, "Wewe, unataka kahawa?" akawa mwekundu mpaka masikioni. Mbunge akaweka kikombe chini na kumwinamia kichwa. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Sasa reli. Wilayani kwake kulikuwa na tawi la reli, refu la kutosha na lenye abiria wachache, linaloishia katika kijiji alikozaliwa Mama Mwenye Nyumba. Behewa moja, safari chache. Lilipeleka watoto shule, maziwa kiwandani na akina mama wajawazito hospitali, maana barabara ya kule wakati wa theluji ilikuwa kama haipo. Wakubwa wa mjini walikuwa wakitaka kuling'oa tangu zamani. Mbunge alikuwa amelitetea karibu maisha yake yote ya ubunge. Ilisemekana kwamba hotuba yake ingeweza kuanza na jeshi, na samaki, hata na mishahara ya wachungaji wa kanisa, lakini mwishoni lazima aseme, "Na hapa ndipo reli yetu inapoingia." Wenzake walicheka na kuhesabu dakika. Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Nikisema mafua yamenibana, anasema ndiyo, na mgonjwa wa kule kwetu atafikaje kwa daktari, hapa ndipo reli yetu inapoingia.

Alipojua kwamba ninatoka Tabora, mji wa reli, alivuta kiti. Ilibidi nimweleze stesheni baada ya stesheni, mabehewa, mizigo, wanaouza ndizi dirishani. Nilizidisha kidogo, nakiri: urefu wa treni zetu niliupa kilomita tatu. Wakati huo kwetu tulikuwa tunajenga reli kubwa ya kwenda Zambia, nami nikamwambia reli hiyo inajengwa mbio hivi kwamba swala wanaikimbia. Hakucheka. Aligeuza kikombe chake.

"Ninyi mnajenga," alisema, "sisi tunang'oa. Halafu wewe ndiye uliyetumwa huku kujifunza."

Mpinzani wake mkuu katika jambo hili alikuwa jirani yake wa dawati, yule niliyeamini wamefungwa naye. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa mkoa huohuo, wa upande wa pili wa bunge, mwembamba, mwenye tai nyembamba na midomo myembamba zaidi. Yeye alitaka reli ing'olewe na barabara ijengwe, na alikuwa na sababu zake, tena nzuri. Nilizisikia zote siku alipokuja Spånga kunywa kahawa. Walitukanana vizuri sana.

"Wewe ungezaliwa zamani ungepinga gurudumu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Na wewe ungezaliwa zamani ungelipeleka likafe kamatini."

"Behewa lako linabeba maziwa mengi kuliko watu."

"Maziwa hayapigi kura, ndiyo maana huyajali."

Kisha waliinuka, wakashikiana makoti, wakaenda kupanda treni moja ya kaskazini, chumba kimoja, mkate mkavu mmoja wakigawana. Nami nilisimama dirishani nikitazama miguu yao kwenye theluji, nikishangaa kwamba wamefunguliwa mnyororo mpaka nje ya mji.

Katikati ya miaka ya sabini uchaguzi ulitoa matokeo ya ajabu: pande mbili za bunge zilikuwa sawa kabisa. Kura zikilingana, alisema Mbunge, karatasi mbili hutiwa kwenye sanduku, mtu anaingiza mkono na kutoa moja, na hiyo ndiyo inakuwa uamuzi wa nchi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mimi si mjinga, nikamwambia, usidhani mgeni anadanganywa na kila kitu. Nchi yenye viwanda na makombora, itawaliwe kwa bahati nasibu kama maonyesho ya shule? Hilo, wasomaji wangu, lilikuwa kweli tupu, na lilijulikana dunia nzima. Mnyororo nikauamini, sanduku nikalikataa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na shahada yangu ya shule ya jioni ukutani.

Basi reli ile ndogo ikaja bungeni mara ya mwisho, na siku hiyo kila mtu alijua kwamba haitarudi tena. Kwa mara ya kwanza, baadhi ya watu wa upande wa pili walikuwa wamekubali kuitetea, na wachache wa upande wake wameikimbia. Mbunge alikuwa amewahesabu wote. Asubuhi alivaa suti nyeusi, akaimba wimbo wa kanisani akinyoa ndevu, yeye ambaye kanisani alikwenda kwa mazishi tu. Mama Mwenye Nyumba alimpigia pasi shati ingawa hakuombwa. "Dada yangu yuko kule," alimwambia mlangoni. "Hana gari. Unajua."

"Najua," alisema Mbunge.

Jioni tulikaa karibu na redio. Kura zikawa sawasawa. Likaletwa sanduku, mkono ukaingia, karatasi ikatoka: reli ing'olewe. Mama Mwenye Nyumba alizima redio, akabaki ameshika kitufe chake. Kumbe kulikuwa na baya zaidi. Kesho yake gazeti lilieleza kwamba Mbunge wa wilaya ileile hakupiga kura. Hakuwamo ukumbini. Kura yake moja tu ingetosha, na sanduku lisingeletwa kabisa.

Shabani alinithibitishia. "Kiti chake kilikuwa kitupu. Na cha Mwalimu Mkuu pia. Wote wawili hawakuwepo. Si nilikwambia?"

Mimi nikaridhika kabisa: mnyororo. Mama Mwenye Nyumba aliridhika kwa namna yake: wazee wawili wamekwenda mahali kunywa kahawa na kusahau saa. Mbunge aliporudi hakueleza chochote. Aliulizwa mara moja, akasema, "Ilikuwa hivyo," akapanda ngazi na mguu wake. Asubuhi iliyofuata Mama Mwenye Nyumba alisimama mbele yake na birika.

"Je, Mbunge atapenda kahawa?"

Nilihisi baridi. Hata tusi lingekuwa na joto zaidi. Mzee alimtazama, akaelewa. "Mbunge hatapenda," alisema. "Ahsante."

Ikawa hivyo mpaka mwisho wa kipindi. Watu wa kwao walimpigia simu, na sasa wao ndio waliokuwa wakinguruma. Yeye aliitikia kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Waligoma kumweka tena kwenye orodha ya chama. Waliandika gazetini kwamba amezeeka, kwamba alijificha, kwamba Stockholm imemlainisha. Alifungasha masanduku yake mawili, yote mepesi. Nilimsindikiza hadi stesheni ya Spånga. Nilijitahidi kumwahi kwa shikamoo, lakini bado alinitangulia.

Miaka ikapita. Nilioa, tukapata nyumba Tensta, ghorofa mpya, madirisha makubwa, na binti ambaye ukimwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi bila haya. Mwishoni mwa miaka ya sabini Mama Mwenye Nyumba alitualika kwenye siku yake ya kuzaliwa. Nilipanda basi peke yangu hadi Spånga na sahani ya maandazi ya mke wangu. Huku siku za namna hiyo hata asiyealikwa anaruhusiwa kuja kutoa hongera, na saa ya kahawa kengele ikalia. Mlangoni alikuwa Mbunge na sanduku la viazi. Nyuma yake, amekonda kama fimbo, akiegemea bakora, alikuwa Mwalimu Mkuu.

Mama Mwenye Nyumba hakuwafukuza. Aliwapa viti. Kisha akasimama na birika.

"Je, Mbunge atapenda kahawa?"

Nikaona ni wajibu wangu kuokoa shughuli. Nikasema kwa furaha, jamani, nchi hii sasa ina treni za chini ya ardhi mpaka karibu na mlango wangu, hivi bungeni bado mnawafunga watu mnyororo mguuni?

Ikabidi nieleze. Nikaeleza yote: Shabani, kuchechemea, alama ya soksi, insha. Mbunge alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Mama Mwenye Nyumba alishikilia meza. Hata mimi nikacheka, ingawa nilianza kuhisi kwamba jibu haliendi nilikotarajia.

Mwalimu Mkuu peke yake hakucheka.

"Na siku ya reli?" aliniuliza. "Ulidhani ni mnyororo?"

"Shabani alisema viti vyenu vyote viwili vilikuwa vitupu."

"Acha," alisema Mbunge. "Kunywa kahawa yako."

"Sitakunywa. Hujamwambia hata huyu mama?"

"Ulikuwa mgonjwa. Wangejua ni kwa ajili yako, wangekuchoma moto kule nyumbani, na wewe huwezi hata kukimbia."

Mama Mwenye Nyumba aliweka birika mezani. "Aambiwe nini?"

Mwalimu Mkuu aligeukia kwangu, labda kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kunitazama mimi.

"Hakuna mnyororo, bwana," alisema. "Ni desturi tu. Wapinzani wawili wanapeana mkono: mmoja akiugua, mwingine hapigi kura, ili ugonjwa usiamue mambo ya nchi. Sisi tulipeana mkono mwaka wetu wa kwanza. Siku ya reli mimi nilikuwa hospitali, nimelazwa usingizi, tumbo limepasuliwa. Mtu pekee wa kumruhusu apige kura ni mimi, na mimi sikuwa na fahamu. Akakaa kwenye benchi la nje ya ukumbi mpaka wakamaliza."